Kuagana na mhusika bila kumuua

Kitabu cha nne cha mfululizo wangu wa riwaya za askari polisi Koplo Zuhura, ambacho ndicho cha mwisho, kimeshapelekwa kwa mpiga chapa. Tangu nitangaze hivyo, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni mmoja kwa maneno tofauti: usituambie umemuua. Niwatoe wasiwasi. Steringi hafi. Lakini kuna swali ambalo wasomaji hawaniulizi, nalo ndilo lililonikosesha usingizi: unaachanaje na mtu uliyembuni mwenyewe, ikiwa bado yu hai na ana afya yake?

Kumuua ni rahisi kuliko mnavyodhani, na hata hivyo si njia ya kuaminika. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake, Sherlock Holmes, akamtumbukiza kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, katika hadithi iliyotoka Desemba 1893. Wasomaji wakawaka. Mwaka 1903 alikubali kumfufua, na kilichomwokoa ni jambo dogo la kiufundi: maiti haikuonekana. Rafiki wa Holmes, Watson, alikuta fimbo, kijaluba cha sigara na barua tu pale ukingoni. Kwa maoni yangu, mwandishi anayeficha maiti hajaaga, ameomba likizo.

Namhusudu zaidi Agatha Christie. Kitabu cha kumuaga mpelelezi wake, Hercule Poirot, alikiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakifungia, kisha akaendelea kumwandika Poirot yule yule kwa miaka mingi. Kilipokaribia kutoka mwaka 1975, gazeti la New York Times lilichapa tanzia ya Poirot ukurasa wa kwanza, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa! Christie mwenyewe alifariki Januari 1976. Nilichojifunza kwake ni kuandika kwaheri kabla hujachoka, maana mwandishi aliyechoka humalizia kwa hasira, na msomaji huisikia. Sura ya mwisho ya Zuhura niliiandika kabla sijaanza kitabu cha tatu.

Kazi yenyewe, hata hivyo, hufanyikia kwenye daftari la wahusika. Kila mwandishi wa mfululizo analo, au anapaswa kuwa nalo. Langu lina umri wa kila mtu, makovu, mtaa anaokaa, nani shemeji wa nani, nani anakunywa chai ya rangi na nani hawezi bila maziwa. Ukilipuuza, mhusika atakuwa na dada wawili kitabu cha kwanza na mmoja kitabu cha tatu. Wasomaji wetu hawasamehe hilo. Wengi wamelelewa na hadithi za magazetini, zile zenye namba ya simu ya mtunzi pale juu, na wanajua kuipiga.

Nilipokaribia mwisho nililisoma daftari hilo kama mwenye duka anavyosoma madeni, ila hapa mdaiwa nilikuwa mimi. Nani nilimwahidi nini, nikanyamaza? Zuhura hakuwahi kuijibu barua ya baba yake ya kitabu cha kwanza. Mama ntilie aliyemficha shahidi chini ya meza ya vyombo, kitabu cha pili, nilimwacha pale pale jikoni nikaondoka zangu na shahidi. Huwa tunasema hatuwezi kuachana na wahusika kwa sababu tunawapenda. Ukweli ni kwamba mara nyingi wanatudai.

Si kila deni linalipwa kwa sura nzima. Barua ya baba ilichukua karibu nusu ya kitabu, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya Zuhura awe askari mkali vile. Mama ntilie nilimlipa kwa aya moja: Zuhura anapita kula, anakuta bei ya wali maharage imepanda na yule shahidi ndiye anayeosha sahani, ameajiriwa. Basi. Mkuu wa kituo aliyekula rushwa sikumlipa chochote. Mhariri alitaka afungwe. Nilikataa, kwa sababu kumfunga kungekuwa ni kumfurahisha msomaji kwa uongo, na vitabu vitatu vya kwanza havikuwa na tabia hiyo.

Ajabu ni kwamba niliagana na Zuhura bila shida. Tulikuwa tumeshasemezana yote. Aliyeniliza ni mama ntilie, ambaye hata jina sikumpa. Wahusika wakubwa huondoka na mwisho wao mkononi. Wadogo wanabaki katikati ya shughuli, mwiko upo sufuriani, na unajua hakuna kitabu kingine kitakachopita tena njia ile.

Kinachobaki baada ya hapo ni sauti, na hiyo haina sura ya mwisho. Nimeanza riwaya mpya kuhusu fundi wa majahazi wa Nungwi. Katika rasimu, kila alipoulizwa jambo alijibu kwa swali, kwa ukali, akitazama mlango. Huyo si fundi, ni Koplo Zuhura amevaa msuli. Nimembadilishia nafsi, sasa anasimulia mwenyewe. Nimemfanya mpiga soga, na nimefuta kituo cha polisi kwenye ramani ya kitabu kizima ili asipate pa kukimbilia. Sura za mwanzo zimesimama vizuri. Kuna moja, ya mazishi ya mwenye jahazi, ambapo bado anawahoji wafiwa, na wiki hii ndiyo ninayoipigania.