Heshima, hadhi, sifa na utu si kitu kimoja

Haya maneno manne watu wanayatumia kama vile ni lile lile, na kwenye mazungumzo ya kawaida haina shida, ila ikifika kwenye ugomvi au haki ya mtu ndo utaona yanavyoachana.

Heshima ndo pana kuliko yote. Ukisema fulani ana heshima unaweza ukawa unamaanisha anaheshimu watu au anaheshimiwa na watu, na Mswahili hata hahangaiki kutenganisha maana anajua moja linazaa lingine. Ndo maana mtu akikutukana hadharani tunasema kakuvunjia heshima, lakini waliosikia wanaona na ya kwake imeshuka palepale. Adabu iko jirani hapo ila ni ya upande mmoja tu, ni tabia unayoionyesha wewe kwa wenzako.

Hadhi inatokana na nafasi. Rais akipigiwa mizinga 21 na kukagua gwaride la heshima, ile ni ya kiti, akimaliza muda wake anakuja mwingine anapigiwa hiyohiyo. Mbunge naye anaitwa Mheshimiwa kutwa nzima hata kama jimboni kwake hawataki kumsikia. Sifa sasa ni yale watu wanayosema juu yako, nzuri au mbaya, hata za uongo, na ukifungua kesi ya kashfa unachopigania ni hiyo, yaani jina lako.

Utu ndo nataka watu wauelewe vizuri, huu haupewi na mtu wala hauvuliwi. Mchukulie dada wa kazi, kaamka kabla ya wote, anamwamkia bosi wake shikamoo, bosi anaitikia marahaba macho yako kwenye simu. Hadhi hana, sifa zake nje ya geti hakuna anayezijua, ila utu anao sawasawa na wa bosi, kwa hiyo kumlaza sakafuni jikoni na kumpa makombo ni kosa hata kama hajalalamika, hata kama kweli aliiba sukari. Katiba ya Tanzania ya 1977 ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na hapo imekaa sawa kabisa, heshima ndo deni letu kwake na utu ndo sababu ya deni. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kwa Kiswahili limetumia hadhi, mimi naona utu lingefaa zaidi maana ukisikia hadhi akili inakimbilia kwenye cheo.

Na Mwalimu Nyerere mwaka 1959 aliposema mwenge juu ya Kilimanjaro ulete heshima palipojaa dharau, hakuwa anamtafutia mtu cheo wala saluti, alikuwa anawaongelea watu wazima wenye wajukuu ambao mkoloni alikuwa anawaita boi.