Maana ya ukaguzi wa kiufundi katika mbio za dragi, na kwa nini hauko sawa kwa wote

Katika mbio za dragi, magari mawili hushindana kwenye njia iliyonyooka, kwa kawaida mita 402 au nusu yake. Kabla gari halijasogea mstarini hupita kwa mkaguzi, anayetazama mikanda, matairi, betri, uvujaji wa mafuta, na kofia ngumu pamoja na alama inayoonyesha imetengenezwa kwa kiwango gani. Akiridhika hubandika stika. Huo ndio ukaguzi wa kiufundi.

Nchini Marekani viwanja vingi hufuata kitabu cha kanuni cha NHRA, chama cha mbio za dragi kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951. Kanuni zake nyingi za usalama kwa magari ya ridhaa hufungwa kwenye muda wa gari katika robo maili, yaani zile mita 402. Likitumia sekunde 13.99 au pungufu, dereva lazima avae kofia. Kuanzia 11.49 kushuka, hutakiwa upinde wa chuma wa kumkinga gari likipinduka. Kuanzia 9.99, kizimba kamili cha mabomba na leseni ya mashindano. Magari mapya ya kiwandani yamepewa nafuu, mradi vifaa vyake vya usalama, kama mifuko ya hewa, viwe vinafanya kazi.

Ukisoma hivyo utadhani hakuna la kubishania. Lakini mkaguzi hulikagua gari likiwa limesimama, na muda wake haujulikani mpaka likimbie. Hewa ya jioni ikipoa huwa nzito zaidi, injini hupata oksijeni zaidi, na gari lililokimbia 11.60 mchana laweza kushuka hadi 11.45 bila mtu kugusa hata skrubu. Kama halina upinde, sasa limevunja kanuni. Msimamizi mmoja atalisimamisha papo hapo. Mwingine atamwambia dereva aachie kanyagio la mafuta kabla ya kufika mwisho. Wa tatu atanyamaza, kwa sababu foleni ni ndefu au dereva ni mteja wa kila wiki. Gari ni lile lile, kitabu ni kile kile.

Hata ukaguzi wenyewe hufanywa kwa kina tofauti. Chukua swichi ya kukata umeme, inayotakiwa betri ikihamishiwa nyuma. Kazi yake ni kuzima kila kitu, injini ikiwemo, ili waokoaji wasikute pampu ikiendelea kusukuma petroli kwenye moto. Swichi ikiunganishwa vibaya, alternata, yaani jenereta inayochaji betri, huendelea kuilisha injini umeme na gari halizimi. Mkaguzi anayetazama tu ataona swichi ipo na kubandika stika. Anayeomba injini iwashwe, kisha akazungusha swichi, ndiye atakayegundua kasoro. Wote wawili wataandika kwamba wamekagua.

Kwa maoni yangu hapa ndipo madhara makubwa yalipo, kuliko katika ukali wa kanuni. Dereva aliyeruhusiwa wiki iliyopita na kukataliwa leo hajifunzi kuhusu ajali. Hujifunza ni mkaguzi yupi mpole, na ndiye anayemtafuta. Aliyetumia fedha nyingi kufunga kizimba naye humwona jirani yake akikimbia sekunde 9 bila hata upinde, akajiuliza alihangaikia nini.

Simaanishi mkaguzi anyimwe uamuzi wake. Hakuna kitabu kinachoweza kutaja kila mchomeleo wa kienyeji, na mwenye jicho zuri anastahili kulikataa gari linalomtia shaka hata kama kila kipengele kimetimia. Tatizo ni uamuzi usioandikwa. Gari likikataliwa, dereva aonyeshwe kanuni husika na sababu iandikwe, ili mkaguzi wa wiki ijayo aanzie hapo. Uwanja ukiwa na sharti lake la ziada, kama kofia kwa kila dereva bila kujali muda, litangazwe kabla watu hawajapakia magari kwenye trela. Na muda ukivuka mpaka, hatua iwe moja iliyojulikana mapema: onyo kwa mkimbio wa kwanza, kuondolewa kwa wa pili, hata kama dereva yuko fainali.