Dizeli ya mkandarasi inaingia kwenye ripoti ya nani?

Kazi yangu ni kuandaa ripoti za gesi joto za makampuni, yaani gesi zinazoipasha dunia joto kama kaboni daioksaidi, na swali ninaloulizwa kuliko yote wala si la kisayansi. Ni hili: kampuni imempa mkandarasi kazi ya kuchimba msingi, mkandarasi kaja na eksaveta zake na dizeli yake, sasa ule moshi unahesabiwa kwa nani? Mwenye mradi anasema mashine si zangu, mkandarasi anasema mradi si wangu, mwisho wa mwaka zinatoka ripoti mbili na dizeli haimo hata kwenye moja. Nimeliona hili mara nyingi na linaniuma kweli, maana jibu lipo siku zote.

Mwongozo wa kuhesabu gesi hizi unaotumiwa karibu kila mahali ni GHG Protocol, ulitoka 2001 ukarekebishwa 2004, na ndo uliotuletea skopu tatu, yaani mafungu matatu ya kugawia gesi unazohesabu. Skopu 1 ni unachochoma mwenyewe, dizeli ya magari na jenereta, gesi ya boila, na pia gesi inayovuja kwenye friji na viyoyozi vyako. Skopu 2 ni umeme unaonunua. Skopu 3 ni yanayotokea kwa wengine kwa sababu yako, saruji, nondo, usafiri, taka, mpaka bidhaa yako inavyotumika ikishafika kwa mteja, na hiyo peke yake ina makundi 15.

Kwa hiyo dizeli ya mkandarasi kwa kawaida ni skopu 1 yake yeye, na hapohapo ni skopu 3 ya mwenye mradi. Lita ileile, ripoti mbili. Watu wakisikia hivi wanashtuka, wanasema si tunahesabu mara mbili? Jamani hiyo imepangwa makusudi, kila mwenye uwezo wa kuipunguza aione kwenye vitabu vyake, mkandarasi anaweza kubadilisha mashine, mwenye mradi anaweza kubadilisha mchoro au masharti ya zabuni. Kosa ni kuzichukua hizo ripoti mbili ukazijumlisha.

Ila angalia, nimesema kwa kawaida. Kabla hujaandika namba yoyote inabidi uamue mpaka wako, yaani shughuli zipi zihesabiwe kuwa zako, unahesabu kwa hisa, kwa udhibiti wa fedha au kwa udhibiti wa uendeshaji, na kuna nchi sheria inakuamulia. Chukua Australia, sheria yao ya 2007 ya kuripoti gesi joto na nishati, inayoitwa NGER, inamtafuta yule mwenye mamlaka makubwa zaidi ya kuweka na kusimamia taratibu za uendeshaji, usalama na mazingira pale eneo la kazi, na huyo anabeba vyote vinavyochomwa mle kwa ajili ya kazi, hata dizeli aliyoleta mkandarasi. Eneo likifika tani 25,000 za gesi joto kwa mwaka, au kundi zima la kampuni tani 50,000, wajibu wa kuripoti umeshakushika (kuna na viwango vya nishati pia), mwaka wao unafungwa 30 Juni na ripoti inatakiwa kufikia 31 Oktoba. Sasa kama mkandarasi mkuu ndo anaendesha eneo lote, mzigo unaweza ukawa wake, pamoja na wa wakandarasi wadogo waliopo chini yake! Ndo maana nasema soma mkataba kwanza, namba baadaye.

Wakandarasi wengi wananiambia haya mambo ni ya makampuni makubwa. Hapana. Uingereza tangu Septemba 2021, ukiomba zabuni ya serikali kuu ya zaidi ya pauni milioni 5 kwa mwaka unatakiwa kuwa na mpango wa kupunguza kaboni, wenye skopu 1, skopu 2 na sehemu ya skopu 3, pamoja na ahadi ya kufika sifuri halisi (unachotoa kisizidi kinachoondolewa hewani) 2050, usipokuwa nao zabuni yako inaweza kuishia mlangoni. Na hata pale sheria haikugusi moja kwa moja, mteja wako mkubwa inaweza kumgusa, maana IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha ripoti za tabianchi za makampuni kilichotoka Juni 2023, kinadai skopu 3 kwa wanaokifuata, na skopu 3 yake ni wewe. Atakuandikia barua kukuomba takwimu, mwaka unaofuata haitakuwa ombi tena, itakuwa kipengele kwenye mkataba.

Sasa tuje kwenye takwimu zenyewe, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo ripoti nyingi zinapofia. Andika lita. Siyo pesa, lita. Kuna kampuni iliniletea matumizi ya mafuta ya mwaka mzima kama jumla moja ya fedha, bei ilikuwa imebadilika kila mwezi, dizeli na petroli zimechanganywa, tukabaki tunakadiria kitu ambacho risiti moja moja ingekisema wazi. Makadirio yanaruhusiwa, ila lazima useme umekadiria na umefanyaje, na mkaguzi atakaa hapohapo kwa siku mbili.

Ukiwa na lita, hesabu ni kuzidisha tu. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni daioksaidi. Watu hawaamini, lita yenyewe haifiki hata kilo moja, hizo nyingine zimetoka wapi? Zimetoka hewani, kila chembe ya kaboni inaondoka na chembe mbili za oksijeni. Lita 10,000 basi ni kama tani 27.

Halafu kuna gesi ya friji, ambayo wengi hawaiandiki kabisa kwa sababu haina moshi na haina bili ya kila mwezi. Kilo moja ya R-404A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja ni sawa na karibu tani 3.9 za kaboni daioksaidi. Yaani fundi akikujazia kilo 10 kufidia zilizovuja, umetoa sawa na kuchoma zaidi ya lita 14,000 za dizeli, na kumbukumbu pekee ya tukio hilo ni karatasi ya fundi iliyoandikwa kilo ngapi kajaza. Itunze hiyo karatasi kama unavyotunza hundi.

Kwa anayetoa kazi, nimeona kitu kimoja kinasaidia kuliko mafunzo yote: weka kwenye mkataba kwamba mkandarasi akileta ankara ya mwezi aambatanishe lita za dizeli na petroli, uniti za umeme kama ana mita yake, na kilo za gesi ya friji, na mkandarasi mdogo naye amletee yeye vivyo hivyo. Ankara isiyo na karatasi hiyo haijakamilika. Ukisubiri mpaka Desemba mashine zimeshahamia mradi mwingine na mtunza stoo aliyekuwa anapima mafuta kashaondoka na daftari lake.