Usambara Magharibi kwa pikipiki ya cc 150, ukiwa peke yako

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari ya Lushoto na Mtae kwa pikipiki huanza na injini: cc 125 itapanda? Itapanda. Bodaboda wa kule hupanda kila siku na abiria wawili na gunia la viazi. Swali la kuuliza ni kama itashuka. Pikipiki nyingi tunazoendesha Tanzania, za aina ya Boxer na TVS, zina breki za ngoma angalau gurudumu la nyuma, na mlima huu huzipima breki hizo kuliko unavyoipima injini. Kwa hiyo maandalizi yangu huanzia kwenye gurudumu, kisha cheni, na injini huja mwisho.

Njia yenyewe ni hii. Unaiacha barabara kuu ya Segera–Moshi pale Mombo, tambarare yenye joto, kwenye mwinuko wa takribani mita 400. Lami inapanda kwa kona kali kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita 33 hivi, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Kutoka hapo unapita msitu wa Magamba, Lukozi na Sunga hadi Mtae, kilomita 60 hivi, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Mtae iko ukingoni mwa milima na chini yake umetandazwa uwanda wa Mkomazi. Kurudi unaweza kufuata njia hiyo hiyo hadi Soni, kisha ukakata kwenda Bumbuli na Dindira hadi Korogwe, badala ya kushukia Mombo tena.

Tuanze na breki. Kwenye mkono mdogo unaotoka kwenye ngoma kuna mshale, na kwenye ngoma kuna alama. Kanyaga breki hadi mwisho: mshale ukifika kwenye alama, shuu, yaani vipande vinavyobana ngoma kwa ndani, zimekwisha, badilisha kabla ya kuondoka. Hata kama bado, fungua gurudumu upulize vumbi, paka grisi kidogo sana kwenye pini inayozungusha shuu, na angalia kama shuu hazijang'aa kama kioo. Zikiwa zimeng'aa, zisugue kwa msasa. Pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30. Ukiikaza mno, shuu zitagusa ngoma muda wote, zitapata moto, na utazipoteza kwenye mteremko wa kwanza ukidhani umezitengeneza. Kama mbele kuna diski, tazama rangi ya mafuta ya breki: yakiwa meusi au yana zaidi ya miaka 2, badilisha. Mafuta ya zamani yana maji ndani, maji hayo huchemka kwenye mteremko mrefu, na lever huja hadi kwenye mshikio bila breki kushika.

Cheni ipimwe ikiwa na mzigo wako wote na wewe umekaa juu. Mtu peke yake hawezi kupima huku amekaa, kwa hiyo mwombe jirani. Mchezo wa milimita 25 hadi 30 katikati unatosha. Ukikaza cheni pikipiki ikiwa tupu, ukishaweka begi na kukalia itakazika zaidi, na kwenye mashimo itakula beringi za gurudumu. Linganisha alama za pande zote mbili za ekseli kabla ya kukaza nati.

Sproketi ni mahali ambapo fedha kidogo huleta tofauti kubwa. Kama ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 42, weka ya mbele yenye meno 14. Uwiano unatoka 2.8 kwenda 3.0, sawa kabisa na kuweka ya nyuma yenye meno 45, ila kwa gharama ndogo zaidi. Utapoteza kama asilimia 7 ya kasi ya juu, na huko hakuna mahali pa kuitumia. Unachopata ni gia ya pili inayopanda kona za Soni bila kulia, na muhimu zaidi, injini inayoshika vizuri wakati wa kushuka.

Kuhusu injini yenyewe: oili mpya ya 20W-50 ya pikipiki, si ya gari, kwa sababu klachi inaogelea humo humo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Kila ukipanda mita 1,000 injini hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu, maana hewa ni nyepesi. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ile ile, na plagi hutoka nyeusi. Kwa safari ya siku chache usiguse jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Safisha ea kilina, ongeza kidogo sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta, ili isizime asubuhi ya baridi, na ukishuka irudishe.

Mzigo usizidi kilo 15. Mabegi mawili ya pembeni, vitu vizito chini na mbele karibu na kiti, vyepesi juu. Kufunga kreti nyuma kabisa ya keria ni kosa la kawaida: uzito unapita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye tope ndilo linalokukimbia. Tairi za mbele ziwe na hewa karibu psi 25, za nyuma 28 hadi 30, au kama kibandiko cha pikipiki yako kinavyosema. Kwenye utelezi unaweza kupunguza psi 3 au 4, lakini usivuke hapo: tairi yenye mpira wa ndani ikilegea huzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Dalili ni valvu iliyoinama. Ukiiona, simama. Kama rimu ni za spoku, gonga kila spoku kwa spana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea.

Ukiwa peke yako, vifaa hivi visikosekane: mipira ya ndani miwili, wa mbele na wa nyuma, viraka na gundi, pampu ya mkono, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana zinazoingia kwenye nati zote mbili za ekseli (zijaribu nyumbani, usikadirie), plagi na spana yake, waya wa klachi, kiungo cha cheni, waya wa kufungia, na taa ya kichwani. Waya wa klachi mimi huushauri ulazwe kabisa sambamba na ule unaotumika, ncha zikiwa zimefungwa kwa plastiki. Ule wa zamani ukikatika, unahamisha ncha mbili tu. Petroli si tatizo kubwa. Kutoka Lushoto hadi Mtae na kurudi ni kilomita 120, na michepuko 160. Kwa kilomita 40 kwa lita, lita 4 zinatosha. Jaza Mombo au Lushoto. Ya kwenye chupa za vijijini inunuliwe kwa dharura tu, na iache itulie dakika chache uone kama kuna maji chini kabla ya kuimimina kwa kitambaa.

Leseni iwe na daraja la pikipiki, bima iwe hai, na kwenye barabara kuu kabla ya Mombo uheshimu kikomo cha kilomita 50 kwa saa cha vijijini. Kipande hicho hakina raha yoyote: mabasi yanakupita kwa upepo unaokusukuma kando. Kipite asubuhi na ukimalize.

Kupanda Mombo hadi Soni kunahitaji subira tu. Shika kushoto, piga honi kwenye kila kona usiyoiona mwisho wake, na tarajia Fuso la kabichi litakalochukua barabara nzima kwa sababu haliwezi kukata kona vinginevyo. Usibishane nalo, simama. Soni kuna maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara, na ni mahali pazuri pa kusogeza mkono karibu na ngoma ya nyuma kujua kama ina joto. Ukipanda haipaswi kuwa na joto. Ikiwa nayo, umekaza breki mno.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, inafaa kulala usiku wa kwanza. Irente iko kilomita chache kutoka mjini, na kutoka kwenye mwamba wake unaiona barabara uliyoiacha asubuhi. Shamba la Irente huuza mkate na jibini, chakula kizuri cha njiani kisichoharibika kwenye begi. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku si ya mchezo. Nguo ya mvua ivaliwe hata bila mvua, kwa ajili ya upepo.

Ondoka Lushoto saa 1 asubuhi. Kilomita 60 za Mtae zihesabu kama saa 3 za kuendesha, na uongeze saa 1 ya kusimama. Umbali hapa hausemi kitu. Wastani wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa ni mwendo wa kawaida wa mtu mwenye mzigo, na mvua za milimani hupenda kuja mchana. Msitu wa Magamba hukaa na ukungu asubuhi, na kivuli chake huuacha udongo mbichi hata siku nzima baada ya mvua, wakati mashamba ya Lukozi yameshakauka. Endesha polepole hapo, na ukisikia matawi yakivunjika juu, ni mbega.

Ukiuliza njia, usiulize kama barabara ni nzuri. Kila mtu atakujibu ni nzuri. Msalimu kwanza, "Shikamoo mzee" au "Habari za kazi, kaka," halafu uliza mvua ilinyesha lini na kama Fuso limepita leo. Fuso likiwa limepita, daraja lipo na njia iko wazi, ila tegemea mifereji mirefu ya matairi. Muda wa safari muulize bodaboda, kisha uzidishe mara moja na nusu.

Masika, Machi hadi Mei, safari hii siishauri kwa mtu mmoja. Udongo mwekundu ukilowa hujaza meno ya tairi na kuifanya laini, halafu hujikusanya chini ya madigadi ya mbele hadi gurudumu linakwama. Kama huna budi, fungua madigadi hiyo uifunge kwenye mzigo, na beba kijiti cha kukwangua. Endesha kwa gia ya kwanza, miguu ikiwa tayari, mkono wa kulia usiguse breki ya mbele. Chagua kati ya majani ya kando na sakafu ya mfereji, na ukiingia kwenye mfereji baki humo. Wanaoanguka ni wale wanaojaribu kuutoka kwa pembe ndogo: gurudumu linateleza kando ya ukuta na pikipiki inalala. Mvua ikianza ukiwa njiani, tafuta banda usubiri. Jua na upepo wa saa 2 au 3 hubadilisha mlima kabisa.

Ikilala, funga koki ya petroli kwanza. Igeuze chini kwa chini hadi magurudumu yaelekee bonde, iingize gia isiteleze, kisha inyanyue kwa miguu ukiwa umeipa mgongo. Ikigoma kuwaka imelewa petroli: subiri dakika 5, fungua mafuta hadi mwisho bila choki, piga kiki.

Sasa mteremko. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kona kali ya pili, sehemu iliyonyooka ya tatu. Breki zote mbili kwa pamoja, kwa vipindi vifupi kabla ya kona, kisha uziachie zipoe. Usizikanyage kidogo kidogo muda wote. Kuna mazoea ya kuweka nyutro na kuzima injini ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa hadi Mombo haifiki bei ya soda, na breki za ngoma zinabaki kubeba mteremko wa mita 1,000 peke yake. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali inashuka zaidi ya kawaida, simama dakika 20. Usimwage maji kwenye ngoma yenye moto, inaweza kupasuka. Ukivuka kijito, kanyaga breki kwa wepesi mita mia moja hivi ili shuu zikauke.

Pancha ikitokea, usibandike kiraka barabarani, weka mpira mpya na kiraka ukibandike jioni. Kabla ya kuuingiza, pitisha vidole ndani ya tairi kwa uangalifu hadi uupate mwiba au msumari. Ukiuacha, mpira wa pili utatoboka ndani ya kilomita moja. Jaza hewa kidogo, itoe yote, kisha jaza kabisa, ili mpira ujinyooshe.

Mwachie mtu ratiba yenye saa, si yenye siku: nitapiga kutoka Mtae kabla ya saa 11 jioni, nisipopiga hadi saa 2 usiku piga simu kwenye nyumba ya wageni ninayolala. Mtandao hupotea mabondeni na kurudi kwenye migongo ya milima, kwa hiyo ujumbe utume ukiwa juu. Ramani ipakue ukiwa Lushoto.

Ukifika Korogwe au Mombo, kabla ya kuingia lami ya kasi, rudisha hewa ya tairi na sailensa, pima cheni upya, na gonga spoku. Siku ya kwanza nyumbani fungua ngoma, ya nyuma na ya mbele kama ipo: tope lililoingia humo likikauka husaga shuu haraka kuliko mteremko wenyewe.