Ule msimu wa hoki haukufutwa kwa mgomo

Kila mishahara ya wanamichezo inapojadiliwa, kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu: eti wachezaji wa ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada waligoma kwa tamaa, msimu mzima wa 2004–05 ukafutwa. Msimu ulifutwa kweli. Mgomo haukuwepo.

Mkataba wa pamoja kati ya wachezaji na wamiliki wa timu uliisha Septemba 2004, na wamiliki ndio waliofunga milango, yaani waliwazuia wachezaji kufanya kazi. Walitaka kila timu iwekewe kikomo cha mishahara. Wachezaji wakakataa, ingawa Desemba walikubali wenyewe kukatwa asilimia 24 ya malipo yao. Tamaa gani hiyo? Februari 16, 2005, msimu ukafutwa.

Wanaochanganya wana sababu. Sisi kazi ikisimama tu, tunasema mgomo. Tena wachezaji wa ligi hiyohiyo waligoma kweli, siku 10, Aprili 1992.

Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Tafuta kwanza nani alisimamisha kazi. Msimu wenyewe umeandikwa kwenye kombe la Stanley Cup, palipopaswa kuwa na majina ya mabingwa: haukuchezwa, basi.