Muziki wa Asili: Wimbo Unapoacha Kuwa wa Mtu Mmoja

Ukitaja muziki wa asili, wengi huwaza wimbo mkongwe usiojulikana mtunzi. Hawajakosea sana, ila ukongwe ni dalili tu. Kinachoufanya wimbo uwe wa asili ni njia uliyopitia: umetoka kinywani ukaingia sikioni, na kila aliyeupokea akaugusa kidogo.

Mwaka 1954, huko São Paulo, Baraza la Kimataifa la Muziki wa Asili liliufafanua kwa mambo matatu: mwendelezo unaoifunga leo na jana, mabadiliko yanayoletwa na ubunifu wa mtu au kundi, na uteuzi wa jamii. Kwangu mimi, hilo la mwisho ndilo kiini. Mwimbaji ana ruhusa ya kuongeza ubeti au kugeuza mahadhi, lakini wenzake wasipoupokea, ubeti huo unakufa naye.

Kwa hiyo hata wimbo wa mtunzi anayejulikana waweza kuwa wa asili, mradi jamii imeuchukua na kuufinyanga upya. Na wimbo unaoimbwa na maelfu neno kwa neno, kama ulivyotoka studio, haumo, hata ukitimiza miaka mia.

Jina lenyewe lina historia yake: kwa Kiingereza ni "folk music", yaani muziki wa watu. Mwaka 1773 mwanafalsafa Mjerumani Johann Gottfried Herder alizungumzia "wimbo wa watu". Watu gani? Katika fikra zilizofuata, hasa wanavijiji, walioaminiwa kuwa watunzaji wa roho ya taifa. Wakusanyaji wakawafuata huko: Cecil Sharp nchini Uingereza kuanzia 1903, kisha Béla Bartók na Zoltán Kodály nchini Hungaria, wakiwa na fonografu, mashine ya kunasa sauti. Kazi yao iliokoa mengi, lakini wimbo uliokuwa na sura kumi ukishaandikwa kitabuni, sura moja huonekana ndiyo sahihi.

Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 ililitanua jina hilo likawafikia pia waimbaji wa gitaa waliotunga nyimbo zao wenyewe. Mmoja wao, Bob Dylan, alipopanda jukwaani kwenye tamasha la muziki huo la Newport mwaka 1965 na gitaa la umeme, baadhi ya wasikilizaji walimzomea. Ajabu ni kwamba ufafanuzi wa 1954 haukusema lolote kuhusu umeme.

Baraza lile nalo halikubaki na jina lake. Mwaka 1981 liliondoa katika jina lake la Kiingereza neno "folk", lile la "watu" lililotokana na enzi za Herder, likaweka "traditional", yaani "jadi".