Mtoto na karai la zebaki

Mtoto anayechota maji kabla ya kwenda shule au anayechunga mbuzi Jumamosi hatumikishwi, anafundwa kazi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru wala kumkosesha masomo. Mgodini ni marufuku kwa yeyote aliye chini ya miaka 18, hata mzazi akikubali, hata mtoto mwenyewe akitaka.

Kwa nini ridhaa yake isihesabiwe? Tazama mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, ya wachimbaji wadogo wa Geita au Chunya. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa juu ya magunia yaliyotandazwa kwenye ubao ulioinama, na mchanga mzito unaonaswa hukung'utiwa ndani ya karai. Hapo humiminwa zebaki, ikakorogwa kwa mkono mtupu mpaka ishike chembe za dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, kikabaki kidonge cha rangi ya fedha kinachochomwa juu ya mkaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki.

Kukoroga na kuchoma hupewa watoto kwa kuwa kunaonekana kwepesi kuliko kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi. Kumbe sumu iko hapo. Zebaki ikigusa ngozi hupenya kidogo. Mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 huingia kwenye damu, na hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengeka. Mikono huanza kutetemeka, usahaulifu huingia, hasira huja bila sababu, figo huchoka. Darasani mwandiko unaharibika, naye anachapwa kwa uzembe. Mtoto anaiona elfu mbili ya leo. Hayo mengine hana namna ya kuyapima. Ndiyo maana "alitaka mwenyewe" si hoja.

Duniani, makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF ya mwaka 2024 yalihesabu watoto milioni 138 katika ajira, milioni 54 kati yao kwenye kazi za hatari. Wengi wako mashambani.

Kuwafukuza mwaloni hakutoshi: watarudi usiku, au kidonge kitachomwa jikoni, kichanga akiwa mgongoni. Mwenye mwalo atenge pa kuchomea mbali na makazi, atumie chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba linalopozwa kwa maji. Zebaki hurudi kuwa kimiminika na hutumika tena, kwa hiyo hata mfuko wake unanusurika. Ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji: chombo kikipoa huyavuta, na kinaweza kupasuka. Kisifunguliwe kikiwa cha moto.

Malipo nayo yatazamwe. Baba anayelipwa kwa mifuko ya mawe hukaa wiki nyingi bila hela. Ada ilifutwa mwaka 2016, lakini sare na daftari bado hununuliwa, na pengo hilo huzibwa na mtoto. Posho ya kila wiki inaweza kuwarudisha darasani wengi kuliko msako.

Ukimkuta mtoto kwenye karai, usisambaze picha yake. Piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo, utaje mahali, saa na kazi anayofanya. Kama anatetemeka, liseme hilo pia, ili apimwe mkojo.